Niliyemwita Msaidizi Anahitaji Saini Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya tarehe 14 Agosti, kwa sababu juzi wakili wa Shobha, mwenzangu ofisini aliyeishtaki serikali akidai mshahara sawa na wangu, alisimama mbele ya meza yangu akanieleza kwamba jaji anataka hati ya kiapo ya karani wa kudumu, mmoja tu, aseme kama kazi anayofanya Shobha ni ile ile anayofanya yeye au si ile ile, na karani wa kudumu katika chumba chetu cha kumbukumbu za ardhi ni mimi peke yangu.

Shobha ni karani wa mkataba, mkataba wenyewe huandikwa upya kila baada ya miezi kumi na moja na huu ni mwaka wa kumi na sita, yeye analipwa rupia elfu kumi na nne kwa mwezi na mimi elfu hamsini na mbili, meza zetu zimegusana pale karibu na mtungi wa maji ya kunywa, sote wawili tunaandika uhamisho wa mashamba katika daftari moja, na sikatai kwamba nilipougua homa ya matumbo siku arobaini hakuna faili lililolala, wala kwamba yeye alipofiwa na mama yake akakosekana siku tatu, mimi ndiye niliyempigia simu huko huko msibani kumuuliza neno la siri la kompyuta, lakini mshauri, mimi nilifanya mtihani wa serikali na yeye hakufanya, na hilo nalo si dogo.

Kinachoninyima raha hasa ni taulo. Kwenye mgongo wa kiti changu natandika taulo jeupe kama wanavyofanya maofisa, sikupewa ruhusa ila hakuna aliyenikataza, na mwezi uliopita Mzee Bhoyar, mstaafu wa posta ambaye mwanawe anataka kumwoa binti yangu Rucha, alipita ofisini bila taarifa, akalitazama lile taulo, akasema, "Kumbe wewe ndiye mkuu hapa!" na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikajibu ndiyo, na huyu ni msaidizi wangu, kisha nikamgeukia Shobha nikamwambia, "Dada, hebu tuletee chai," naye akanitazama kidogo, akainuka, akarudi na vikombe viwili, akasema, "Karibu chai, bosi," na hakucheka mpaka mzee alipotoka.

Sasa nikitia saini, Mzee Bhoyar atajua, maana kesi hii inaandikwa magazetini, na nisipotia, Shobha hana shahidi mwingine. Mwenyewe hajanibembeleza. Ameiweka karatasi ya kiapo chini ya kikombe changu akasema, "Kaka, soma. Ukiona uongo, ufute." Nimeisoma mara nne, sijaona cha kufuta. Mke wangu nilipomweleza yote akashika kiuno: "Baba Rucha! Yaani miaka yote hii nafua taulo nikidhani ni mali ya serikali?" Nifanyeje? Tafadhali jina langu usilitaje.

Mimi, Mwenye Taulo

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Mwenye Taulo, jina lako nimelificha na ya wengine nimeyabadilisha, ingawa kwa hayo uliyoyaeleza, ofisini kwenu watakutambua kabla hawajamaliza aya ya pili.

Nimesoma majibu ya serikali yaliyowasilishwa mahakamani. Aya ya tisa inasema Shobha halingani na karani wa kudumu kwa kuwa "anasaidia tu". Hebu soma tena ulichomwambia Mzee Bhoyar. Wewe ulilisema neno hilo ili upate mkwe. Wao wanalisema ili mwenzako aendelee kulipwa elfu kumi na nne. Hukukusudia, najua. Lakini wewe ndiye pekee unayeweza kulifuta, na kalamu unayo.

Habari za mtihani mwachie wakili wa serikali, analipwa kuzisema. Wewe umeulizwa jambo moja: nani anaandika daftari? Mtu aliyepiga simu msibani kuuliza neno la siri hana haki ya kujifanya hajui jibu.

Na huyo mzee unamwogopea nini? Amefanya kazi posta maisha yake yote. Anajua vizuri kwamba mkuu wa chumba hakalishwi karibu na mtungi wa maji, akirukiwa na matone kila mwenye kiu anapopita. Mimi naona alikushtukia siku ile ile, akanywa chai yake kwa adabu. Kama mtu wa namna hiyo bado anataka mwanawe amwoe Rucha, basi hakufuata taulo.

Kujishusha mbele ya mkwe kunachoma, sikatai. Lakini kutakuchoma dakika tano. Shobha amevumilia miaka kumi na sita, na juu ya hayo ukamwongezea sinia la chai.

Kwa hiyo Jumapili hii, tarehe 10, kabla gazeti halijakutangulia, nenda nyumbani kwa Mzee Bhoyar. Sema ukiwa umesimama, kwa maneno machache: "Mimi ni karani, na Shobha ni karani mwenzangu." Usianze kueleza historia ya taulo, atakuuliza mwenyewe. Jumatatu tarehe 11 chukua ruhusa ya nusu siku, umwache Shobha na madaftari kama kawaida yako, uende kwa mthibitishaji wa viapo kwenye lango la mahakama. Ongeza kwa mkono wako zile siku arobaini za homa, kama hazimo katika karatasi yake, maana jaji atazipenda. Gharama ya stempu lipa wewe. Taulo baki nalo, ila anza kulifua mwenyewe.

Kesi itasikilizwa Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa nne na nusu asubuhi, chumba namba tatu. Nje ya lango kuna muuza chai. Fika mapema, nunua vikombe viwili, kimoja umpelekee Shobha.