Nyumba ya Jenereta Aliyoichora Sylus

Mwaka mmoja umekwisha tangu tukuzike hapa Sagalla, Sylus mjukuu wangu, na mimi nyanya yako bado nipo. Sivyo ilivyopaswa kuwa.

Ulikuwa msanifu wa majengo. Ulipopewa kazi ya kuchora nyumba ya jenereta na pampu za maji katika chuo kikuu, wenzako walikucheka. Mzee Ngui, fundi wa mitambo, alikuambia, "Jenereta haina macho, bwana. Urembo wa nini? Utaivisha na hereni?"

Ukamjibu, "Haina macho, mzee, lakini wanaopita wanayo." Yeye mwenyewe alitusimulia hayo matangani, akilia.

Ulikuja kwangu ukaazima kikapu changu cha mkonge, ukakiinua dirishani utazame mwanga unavyopenya. Ukuta ukaupanga vivyo hivyo, matofali yakipishana na kuacha matundu ili joto la mashine litoke. Paa ukalirefusha mbele ili Kathini, anayeuza chapati kando ya njia, apate kivuli. Hakukuomba. Ulimwona tu akichomwa na jua.

Homa ilikuchukua kabla ya ufunguzi. Sisi tulialikwa, tukaenda na nguo zetu za msiba. Mchungaji alipofika mlangoni alivua kofia akidhani ni kanisa, akaanza sala. Jenereta ikanguruma, akaruka. Ungalikuwepo ungalicheka mpaka ukae chini.

Kisha wakafunua bamba la shaba. Jina la mgeni wa heshima lipo. La mkandarasi lipo. Lako halipo.

Mjomba wako Thadeus alikwenda ofisi za chuo kuuliza. Akaambiwa, "Hiyo ni nyumba ya jenereta tu, mzee. Msituletee siasa." Lakini kwenye kalenda yao ya mwaka huu, picha ya kwanza ni nyumba hiyo hiyo. Mama yako Evelyn aliletewa moja. Hajaitundika.

Mimi ni mtu wa kuvumilia, unanijua. Hili limenishinda. Kuomba tumeomba, na hatutaomba tena. Kila asomaye kumbukumbu hii ajue: aliyeichora nyumba ile ni Sylus Mwambingu, mtoto wa Sagalla.

Unakumbukwa na mama yako Evelyn, mjomba wako Thadeus, dada zako Wakio na Abby, nami nyanya yako Teresia. Tutakukumbuka siku zote, na tutakutaja kwa jina.