Mama Ananisemesha kwa T

Safotu, Jumapili

Dada yangu Fetuao,

Mshelisheli wa nyuma ya jiko umezaa sana mwaka huu. Unakumbuka Mama alivyokuwa akitutania tulipotamka maneno kwa T ya heshima? "T ni ya mchungaji na wageni. Humu ndani semeni K, mimi ni mama yenu."

Juzi nilimlisha supu ya ndizi, akanishukuru, "Faafetai, bwana." Si faafekai yetu ya nyumbani. Nikamwambia ni mimi, Lafaele. Akatabasamu kwa adabu, akaniuliza natoka kijiji gani. Nilitoka nje nikaosha bakuli mara mbili.

Leo kaniuliza, "Bwana, Fekuao amesharudi kutoka shuleni?" Jina lako bado analitamka kwa K. Njoo, dada, kabla nawe hujawa mgeni.

Mdogo wako,
Lafaele