Nilimwambia Nitapasuliwa, Akanijibu "Vizuri"

Mpendwa Mshauri,

Pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, na nilikuwa nikisoma barua za wenzangu nacheka, nasema hawa hawana kazi ya kufanya, kumbe mkuki kwa nguruwe, leo nimejifungia ofisini kwangu nakuandikia mimi, na nikikuudhi kwa urefu wa maelezo unisamehe, maana sina mwingine wa kumweleza.

Nina miaka arobaini na nne, mume wangu yuko karibu na hamsini, na tuna binti mmoja anayesoma shule ya bweni. Kazi yetu ni kusaga nafaka. Mashine ya kwanza niliinunua mimi, kuukuu, kwa akiba ya kuuza mkaa, kabla sijamjua yeye. Alikuja kama fundi wa kuifunga, akaifunga, akakaa. Watu walinitania kwamba nimenunua mashine nikapewa mume kama nyongeza. Leo mashine ziko tatu, wafanyakazi wanne, na nyumba tumejenga, na hakuna tofali ambalo siwezi kukwambia lilitoka kwenye gunia gani.

Sijui kama umewahi kuingia kwenye mashine ya kusaga. Mle ndani hakuna kuongea, ukipayuka unachosha koo bure, kwa hiyo tangu mwanzo tulitunga ishara zetu sisi wawili, ngumi kifuani maana yake gunia limejaa, vidole viwili shingoni maana yake zima, mkanda unateleza, kiganja juu ya kichwa maana yake mteja huyu ni mkorofi, mpimie mbele ya macho yake. Miaka kumi na tisa tunaongea hivyo. Na huko mashineni, nisimsingizie, mume wangu ni raha tupu, ananitania kwa mikono, anaigiza mwendo wa wateja mpaka nakaa chini kwa kicheko, na wafanyakazi wanasema mzee na mama wanapendana kama walioana juzi.

Shida inaanza tukizima mashine.

Nyumbani hana neno. Namsemesha kutoka jikoni, kimya. Namuuliza jambo akiwa anafunga viatu, kimya. Nikimfuata nikasimama mbele yake ndipo ananikazia macho usoni kama mtu anayesubiri nimalize nimpishe, kisha anasema "sawa". Ada ya mtoto, sawa. Bomba la nyuma limepasuka, sawa. Nikishikwa na hasira nikapaza sauti anakunja uso, "Usinipigie kelele, mimi si mtoto wako." Sasa nikisema taratibu sijibiwi, nikisema kwa nguvu nimempigia kelele, mimi ninayepima vitu kila siku naomba mtu anitajie kipimo cha katikati ni kipi. Akifika sebuleni anawasha televisheni inatikisa vioo vya madirisha, na nikipunguza anaongeza, hata jirani amenihurumia, anajua mtu akifungulia habari kiasi kile ana sauti ya mtu fulani asiyotaka kuisikia.

Simu ndiyo imenimaliza. Hapokei tena. Ikiita anaitazama, anaikata, anaanza kuandika. Hata mimi mkewe, nikiwa chumbani na yeye yuko sebuleni, ukuta mmoja katikati, naona ujumbe unaingia, "Umekula?" au "Leo umechoka, lala mapema" au "Lile gauni limekupendeza". Mshauri, gauni lenyewe nilipita nalo mbele ya pua yake! Mdomo aliona mzito kuufungua? Mwanzoni nilicheka, baadaye nikaona ni dharau, nikaacha kujibu. Na nisikufiche, niliishika ile simu nikaipekua. Sikukuta mwanamke. Nilikuta muuza mikanda, fundi wa mota, binti yetu na mimi.

Na usiniambie ndivyo alivyoumbwa. Huyo fundi wa mota akija, bwana mmoja ana sauti kama pipa linabingirika, wanapiga soga mpaka chai inapoa. Kumbe maneno anayo, ila mimi siyastahili. Binti yetu alipokuja likizo alimsemesha baba yake akiwa amekaa pale pale, mara ya kwanza, mara ya pili, akaona hajibiwi, akanifuata chumbani, "Mama, baba amenichoka?"

Nilimpelekea wifi yangu malalamiko. Akacheka.

"Wifi, ulitaka kuolewa na redio?"

"Sitaki redio. Nataka nikisema nijibiwe."

"Mshukuru Mungu. Wa kwangu anaongea mpaka usingizini, na hakuna hata moja la maana. Mwanamume mkimya ni mali."

"Basi njoo tubadilishane."

"Eti tubadilishane! Na mashine zako?" Akacheka tena, na mimi nikacheka kwa aibu, nikaondoka na lile lile nililokwenda nalo.

Sasa nakuja kwenye kiini. Nimekuwa nikiumwa tumbo la chini, nikaenda hospitali peke yangu, wakaona uvimbe kwenye kizazi, daktari akasema utolewe, na tarehe nimepewa, ni mwishoni mwa mwezi huu. Niliporudi nilisubiri mume wangu amalize kula. Nikawa naosha vyombo, bomba linamwaga maji, nikampa mgongo kwa sababu sikutaka aone machozi, nikasema, "Baba, daktari amesema nina uvimbe, watanipasua." Kimya. Nikasema tena, "Nimekwambia watanipasua." Nikasikia kiti kinasogezwa, akaja nyuma yangu, akanigusa bega, akasema, "Vizuri. Mimi natangulia kulala."

Vizuri! Mtu anaambiwa mkewe anakwenda kukatwa kwa kisu, anasema vizuri, anakwenda kulala, na akalala kweli, nilimkuta anakoroma. Sikumuuliza kitu. Tangu siku ile sijafungua mdomo kwake kwa jambo lisilo la kazi, na yeye hajawahi kuuliza tarehe ni lini wala hali yangu ikoje, na mashineni ananitania vile vile kama hakuna kilichotokea, na utani wake sasa unanichoma kuliko ukimya.

Hesabu nimeshapiga. Mashine mbili ni zangu, moja ni yake, nyumba mmoja atamlipa mwenzake. Dada yangu ndiye atanisindikiza hospitali. Nimemwita kaka yake mkubwa, mjomba wangu, wifi huyo huyo na wazee wawili wa familia, Jumamosi ya wiki ijayo, sebuleni kwetu, aulizwe mbele za watu kwa nini hanisemeshi, na akinyamaza kama kawaida yake basi kunyamaza kwake kuwe ndiyo jibu, tugawane. Nilimwambia kuna kikao. Akasema sawa.

Naomba unijibu kabla ya siku hiyo. Je, nakosea? Siogopi kisu, Mshauri, nimebeba magunia nikiwa na mimba. Ninachoogopa ni kuzinduka baada ya dawa ya usingizi, nifumbue macho, na mtu niliyezeeka naye asiwe na habari na mimi.

Ni mimi,
Mwenye Mashine


MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Mashine, pole kwa ugonjwa. Naanza na pole kwa sababu katika barua yako yote sikuona aliyekupa. Na mmoja wa waliopaswa kukupa, nashuku, hajakupa kwa sababu hajui kwamba unaumwa.

Rudia hapo kabla hujaendelea. Nashuku mume wako hajui.

Mimi si daktari wa masikio na mtu hapimwi kwa barua, lakini wewe umeniandikia kila kitu ukasahau kukijumlisha, na unajisifu kwa hesabu! Mtu amesimama kando ya mashine miaka kumi na tisa. Ukimsemesha kwa mbali hajibu, ukisimama mbele yake anakukazia macho usoni. Televisheni inatikisa vioo. Simu hapokei, ila kuandika anaandika, tena maneno matamu. Masikio yakiliwa na kelele, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, za wanawake na za watoto, huku mwanamume mwenye sauti ya pipa bado anasikika. Na mwenye masikio ya namna hiyo ukimpandishia sauti ghafla inamchoma, ndiyo maana anakunja uso. Hiyo "sawa" ni neno la mtu anayebahatisha, kwa kuwa linaingia kwenye karibu kila swali. Siku ile ya vyombo lilimsaliti lile jingine, "vizuri". Wewe umempa mgongo, maji yanamwagika, yeye ameona mke anamalizia kazi, akaaga akaenda kulala. Kwa ninavyoona mimi, mume wako hasikii vizuri, na ana haya kusema.

Utauliza mbona hukugundua. Ungegunduaje? Angekuwa muuza duka angeumbuka mwezi wa kwanza. Kwenu masikio hayana kazi. Mlitunga lugha ya mikono mkaizoea kiasi kwamba mtu angeweza kuwa kiziwi kabisa katikati yenu na bado akawa ndiye anayewachekesha. Hilo sikulaumu.

Ninalokulaumu ni hili. Uliambiwa "vizuri" ukaendelea kusugua sufuria. Kwa nini hukugeuka? Mteja akikupa pesa pungufu humwachi avuke mlango, unamshika mkono mnahesabu upya. Mume amekupa jibu ambalo hata adui angeona haya kulitoa, ukalipokea, ukalifungia moyoni, ukaanza kugawa mashine. Kama yeye amenyamaza kwa masikio, wewe umenyamaza kwa kiburi, na kiburi hakina daktari. Mtu anakuandikia "umekula?" humjibu, halafu unanilalamikia mimi kwamba hakusemeshi. Alikuwa anakusemesha kwa njia aliyobakiwa nayo.

Na wewe baba, kwa kuwa kusoma unasoma, gazeti hili likikufikia nakuomba usilikunje. Umejificha nyuma ya "sawa" ukidhani unalinda heshima yako, na mkeo amelia peke yake, na bintiyo anadhani umemchoka. Heshima gani hiyo? Kutosikia si aibu. Aibu ni kuwaacha waliokuzunguka waamini huwapendi, kwa sababu tu unaona tabu kusema "rudia, sijakusikia".

Sasa sikiliza, Mwenye Mashine, na haya uyafanye leo, usisubiri kesho. Zima televisheni, funga bomba, washa taa. Kaa mbele yake, goti kwa goti, umshike mkono ili ajue ni kwake unasema, mtazame, sema polepole bila kupiga kelele: nina uvimbe, nitapasuliwa, tarehe ni hii. Akionekana amebahatisha, andika kwenye simu umpe asome. Kisha usiseme lolote, mwangalie uso. Uso wa mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hauigizwi, na wewe uliyeishi naye miaka yote hiyo utaujua.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana alisikia kila neno, na akisoma atasema tena vizuri. Hapo utakuwa umepata jibu lako kwa haki, na mimi sitakuambia uvumilie. Mashine zako ni zako, dada yako unaye, nenda.

Lakini nikiwa nimepatia, wiki hii hii mpeleke kwa wataalamu wa masikio, na wewe upimwe siku hiyo hiyo, usijidanganye kwamba vumbi na kelele vilikuwa vinamchagua yeye peke yake. Wale wafanyakazi wanne wanunulie vya kuziba masikio kabla hamjawasha tena. Kuna vifaa vya kumsaidia, vingine ghali, na usiniambie habari ya ughali wewe uliyeanza na mkaa. Binti mpigieni pamoja, aambiwe na baba yake mwenyewe. Na hospitali mwende wote wawili. Muuguzi aelezwe mapema kwamba mzee huyu anasemeshwa kwa mbele, ili daktari akitoka nje kumpa habari zako asimwambie huku anatembea.

Limebaki la Jumamosi. Kikao hicho kivunje leo, mpigie kila uliyemwita. Si kwa sababu wazee hawana maana. Wanayo, na huenda ukawahitaji siku nyingine. Lakini pata picha ya sebule yako, watu sita wanasema kwa mpigo, huyu anauliza, yule anadakia, na katikati yao amekaa mtu asiyeshika hata nusu, anawageukia mmoja mmoja akisoma midomo isiyosomeka, anasema "sawa". Anaulizwa kama hampendi tena mke wake, anasema "sawa". Anaulizwa kama yuko tayari mgawane, anasema "sawa". Mtampa talaka hapo hapo, dada yangu, na atarudi jikoni kukuuliza kwa simu kama umekula.