Niliyoyafanya Naksos

Observatory, Johannesburg
Jumapili, 16 Septemba 2018

Kwako Kaka Shehe,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima wewe, wifi yangu na watoto. Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo haina uzima, na wa kwanza kuulizwa ni wewe. Mama mdogo Tumu anaendeleaje na magoti yake? Najua nakuuliza habari za mtu ambaye hajakukanyagia mlango miaka miwili, lakini desturi ni desturi.

Barua anakuletea Khatibu wa Barabara ya Kumi na Mbili ya huko nyumbani, anayekuja kuoa. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye grupu la familia nimejitoa, na unajua kwa nini. Niliweka picha moja tu, mimi nimesimama mbele ya bahari ya Ugiriki na kofia ya majani. Ukaandika chini yake, watu arobaini na mbili wakisoma: "Mama yupo kaburini, mwanawe yupo ufukweni." Halafu ukauliza, kwa kejeli yako ile ya toka utotoni, eti niwasimulie nyote mtu akienda kisiwa cha Wagiriki anaona nini na anafanya nini. Umeuliza. Kaa chini nikujibu.

Unajua kazi yangu ilikuwa kumtunza bibi mmoja Mgiriki, Bibi Kaliopi, miaka themanini na minne. Nilikuwa namwogesha, namlisha, namgeuza kitandani. Wajukuu zake wanamwita yaya, maana kwa lugha yao yaya ni bibi. Mimi niliye yaya kwa lugha yetu wakaniita Maya, kwa sababu Mayasa imewashinda. Alikuja nchi hii kwa meli akiwa na miaka kumi na saba, aolewe na mwenye duka aliyemjua kwa picha. Hakurudi kwao tena, hata kumzika mama yake. Mwaka huu mwanawe, Stavro, akatangaza kwamba Julai familia nzima itampeleka kisiwani kwao, Naksos. Bibi alilia kwa furaha wiki nzima. Nami nikapelekwa, kama kiti chake cha magurudumu kilivyopelekwa.

Ukitaka ya kuona, yapo. Pale bandarini pana mlango mkubwa wa marumaru uliosimama peke yake juu ya kilima, hauna nyumba nyuma yake, na kila jioni watu wanapanda kulipiga picha jua likipita katikati. Pweza wanaanikwa kwenye kamba kama nguo. Vichochoro ni vyeupe na vyembamba hata nikakumbuka Mji Mkongwe, ila kule paka ni wanene. Jibini yao nzuri. Milimani kuna vijiji ambavyo hata njia zake zimesakafiwa kwa marumaru. Mke wa Stavro alikuwa ameandika orodha nzima ya mambo ya kuona na kufanya, ameibandika kwenye jokofu la nyumba tuliyopanga, na kila wakimaliza moja wanalikata kwa kalamu nyekundu. Kuogelea huku, kupanda punda kule, mashua ya kwenda kwenye mapango.

Kijiji cha Bibi hakikuwamo.

Siku ya kwanza aliuliza, akaambiwa kesho. Siku ya tatu akaambiwa barabara ina kona nyingi, atatapika. Siku ya sita Stavro alimwambia, mbele yangu na kwa Kiingereza ili nami nisikie, kwamba kule hakuna kitu cha kuona ila mbuzi na nyumba zilizofungwa, na kwamba watoto wana likizo moja tu kwa mwaka. Bibi aligeuza uso ukutani. Mimi nilikuwa namkata kucha, nikaweka mkasi chini kwa hasira. Watu wamekula pesa ya tiketi kwa jina la mama yao, wamepiga picha naye uwanja wa ndege, halafu wamemfungia chumbani na msichana wa kazi ili wao wakapande punda!

Siku ya nane walikwenda na mashua tangu asubuhi. Sauti zao zilipopotea ngazini nilimwuliza Bibi kama bado anataka kwenda kwao. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa moto umeshika nyumba. Nikamvalisha gauni lake jeusi, nikamsukuma hadi kituo cha basi. Dereva alimbeba yeye mwenyewe mikononi kumpandisha, na njia nzima wakawa wanaulizana koo zao. Ni mwendo wa karibu saa mbili, na kona kweli zipo. Aliyetapika ni mimi.

Kijijini tulimkuta mama mmoja anayeshika ufunguo wa kanisa. Bibi alitaja jina la mama yake. Yule mama akamkumbatia, kisha akatupeleka kwenye chumba kidogo kando ya makaburi. Kaka, wenzetu wale ardhi yao ni haba. Maiti ikikaa miaka kadhaa wanaifukua, wanaosha mifupa kwa divai, wanaiweka kwenye kisanduku chenye jina. Visanduku vimepangwa kwenye rafu kama vya viatu. Mama wa ufunguo alishusha kimoja, akakiweka mapajani mwa Bibi Kaliopi. Mimi nilisema moyoni astaghfirullah, nikataka kutoka. Lakini Bibi alikikumbatia kile kisanduku akaanza kuongea nacho. Hakulia. Aliongea tu, kwa sauti ya binti mdogo anayeeleza kwa nini amechelewa kurudi nyumbani. Aliongea karibu saa nzima. Alipomaliza alinishika mkono, akasema, "Maya, sasa naweza kufa vizuri." Nikamwambia asiseme hivyo. Akacheka, akasema ana njaa, na tukala samaki.

Tuliporudi mjini jua lilikuwa linazama. Stavro alikuwa kituoni na polisi wawili.

"Umemwiba mama yangu!" ndivyo alivyonipokea, watalii wote wakigeuka. Nami, Kaka, nilichoka. Nilimwambia, "Mama yako haibiwi. Mama yako alisahauliwa, mimi nimemwokota." Bibi naye alimtukana kwa Kigiriki maneno yaliyomfanya polisi mmoja ashindwe kuzuia kicheko. Hawakunikamata. Ila tulipotua Johannesburg, Stavro alinikabidhi begi langu pale pale uwanja wa ndege, akaniambia nisikanyage kwake tena. Huyo ndiye dada yako anayestarehe.

Mwezi uliopita nikasikia kwamba Bibi amepelekwa kwenye nyumba ya wazee. Nilikwenda kumwona. Mlinzi wa getini, Mkongomani anaitwa Firmin, alinionyesha karatasi yenye jina langu, kwamba aliyetajwa asiingie. Akaniambia kwa Kiswahili chao, "Dada, miye niko na batoto, batanifukuza kazi." Sikumlaumu. Nilirudi hadi kituo cha taksi nimeuma meno, namtukana Stavro robot hadi robot, yaani taa za barabarani, nikisema ni mtu gani huyu anayemnyima mama yake jambo dogo kama lile.

Na hapo, Shehe, kwenye kiti cha nyuma cha taksi, nilinyamaza. Maana nilikuwa nataja dhambi yangu mwenyewe.

Sikiliza sasa, na usinikatishe kama kawaida yako. Ile hitma ya mama, nilipofika kutoka huku nikiwa na vumbi la safari, nilisimama mbele ya watu nikakuambia kwamba umekaa na mama nyumba moja miaka kumi, ukashindwa kumvusha hadi Wete, Pemba, kuzuru kaburi la mama yake, na bahari yenyewe ni ya siku moja. Hukunijibu. Uliinamisha kichwa. Mama mdogo Tumu alifunga kanga yake akaondoka, na tangu siku ile hakusemeshi.

Hukunijibu kwa sababu hukujua nazungumzia nini. Mama hakukuambia wewe. Alinipigia mimi, Ramadhani ya mwaka 2016, nikiwa namwogesha Bibi Kaliopi. Alisema ana hamu ya kwenda Pemba ila anaona haya kukutajia, maana wifi amejifungua juzi na mikono yako imejaa. Aliniomba nikwambie mimi, kwa ulimi wangu. Nikasema sawa mama. Nikakata simu, nikasahau. Kweli kabisa, nilisahau. Baada ya wiki mbili alinipigia tena kuuliza umesemaje. Niliona aibu, Kaka. Nikamwambia nimekwambia, na umesema asubiri, huna nafasi. Akasema, "Basi, mwanangu. Msimsumbue." Alipofariki Septemba mwaka ule ule alikuwa anaamini kwamba wewe ndiye uliyekataa.

Nimekuandikia haya kwa mkono ili yasifutike. Hasira niliyokumwagia kwenye hitma ilikuwa yangu, nikaivisha jina lako. Nawe umeibeba miaka miwili bila kuuliza, na hata hilo linanikasirisha, kwa nini hukuuliza! Ungeuliza mara moja tu ningeanguka pale pale mkekani. Sikuombi unisamehe leo. Ningekuwa mimi nisingesamehe.

Nakuomba kitu kimoja. Ijumaa baada ya sala mwende na Khatibu kwa mama mdogo Tumu, na yeye Khatibu, si wewe, amsomee barua hii yote kwa sauti, tangu salamu hadi jina langu. Asiruke hata neno. Wewe subiri nje; mama mdogo akikufungulia mlango, ingia.

Wabusu watoto. Mwambie wifi kanga zake zipo ndani ya bahasha kubwa. Mungu akuweke, na akulipe kwa ukimya wako kuliko mimi nilivyokulipa.

Ni mimi dada yako,
Mayasa