Arobaini Bila Ami Yake

Ijumaa usiku

Ugomvi wa mume wangu na mdogo wake wala si wa urithi. Ni wa Marekani.

Leo mwanangu Salma ametimiza siku arobaini. Babu yake hayupo tena, kwa hiyo wa kumnyoa alikuwa ami yake. Tumemngoja mpaka wali umepoa. Hakuja.

Yalianzia barazani juzi, redio iliposema serikali ya Marekani inapunguza matumizi. Shemeji, muuza mitumba, akashangilia. "Ndiyo dawa! Kila mtu ale jasho lake."

Mume wangu akamjibu, "Na wazee na wagonjwa wale nini, redio?"

Watu wakacheka. Shemeji akaona haya, akasema, "Kaka, wewe unaitetea serikali kwa sababu kiwanda cha serikali yetu kilikulisha bure."

Bure! Kiwanda chenyewe kimempunguza kazini mwezi huu. Mume wangu aliinuka akaingia ndani, hata kahawa hakumaliza.

Leo nimemsihi amfuate nduguye. "Ajitegemee," kasema, "si ndiyo siasa yake?"

Basi nikashika wembe mwenyewe. Mume wangu alikishika kichwa cha mtoto huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Sijui nani ana haki. Sabuni iliyokuwa haipatikani sasa ipo dukani, ni kweli. Kazi ndiyo hakuna. Nimemwambia, "Baba Salma, huko Marekani hakuna anayemjua mwanao."

Arobaini yangu imekwisha, ruhusa ya kutoka ninayo. Kesho nambeba mtoto hadi Mabawa kwa ami yake. Akitaka kubishana, atabishana na mimi. Lakini ampakate kwanza.