Koti la Babu Limeingia Kwenye Televisheni

Kizwite,
Sumbawanga.
18 Juni 2001

Mpendwa ndugu yangu Alois,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Lydia na watoto hawajambo? Kifua chako bado kinakusumbua, au joto la Dar es Salaam limekiponya? Sisi huku wazima, isipokuwa Bibi Dominika, na habari zake nitazifikia, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Usidhani nimeandika kwa sababu nimekukumbuka.

Mahindi tumevuna, na ulezi mwaka huu umekubali. Kazi yangu ni ileile. Tangu ghala la ushirika lifungwe, nawapimia mizani wafanyabiashara wanaokuja na malori yao kununua mahindi. Nikiwachekesha wabeba magunia kidogo, tajiri ananiambia nipunguze maneno. Wewe kwa maneno hayohayo unapigiwa makofi.

Habari zako tunazipata hata usipoandika. Ulianza na kile kikundi cha sanaa, ukichekesha watu wakati wacheza ngoma wanabadili nguo. Kisha ukasimama peke yako na kipaza sauti kwenye kumbi za harusi. Kisha televisheni, kila Alhamisi. Na sasa dada yetu Debora ameleta gazeti lenye picha yako kwenye mchezo wa kuigiza ambamo watu wanaimba tangu mwanzo hadi mwisho, na wewe ndiye mfalme. Unaimba! Alois, padri wa Chala alikusihi kwenye kwaya uwe unafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Habari ile niliisoma mara tatu, halafu gazeti nikalifungia sabuni.

Nasema wazi, nakuonea wivu. Nimejaribu kuuita jina jingine nikashindwa.

Wivu huo ulizidi siku ile Bundala alipotuita. Huyu ni jirani yetu, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Aliuza baadhi yao akaweka dishi na televisheni, tukaenda ukoo mzima kukutazama. Bibi tukamwambia tu kwamba kuna vichekesho. Ukatokea umevaa koti la Babu Isdori. Mkono kiunoni, hatua tatu, unasimama, unageuka nyuma kama umeitwa, unakohoa, unaendelea. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, sikucheka hata kidogo.

Unajua vizuri nani alilivaa koti hilo siku ya kuondoa matanga ya Babu. Wajukuu ndio watani wa babu yao, na mjukuu aliyechaguliwa kumwigiza marehemu nilikuwa mimi, kwa mwendo huohuo. Wewe ulikuwa umeshika kibuyu cha pombe, unaangalia. Uliangalia vizuri mno. Mwaka uliofuata ukapanda basi, na koti likapanda nawe.

Sasa sikia. Macho ya Bibi yameingia ukungu. Alisogea mpaka karibu na kioo, akapiga vigelegele, akataja jina langu, akasema, "Huyo ni Leonardi! Mnaona anavyomwigiza mzee wangu!" Debora akataka kumsahihisha, nikamkanyaga mguu. Ndiyo, nilinyamaza. Wewe mwenyewe ulimwambia Bibi kwamba huko Dar unauza dukani, na bado anaamini hivyo. Asubuhi yake akanishika mkono mbele ya majirani, akanipongeza, nami nikapokea.

Pongezi zile zimenitokea puani. Tangu mwezi wa tano miguu imemvimba, na hospitali wametuambia moyo wake umechoka. Mwenyewe hana hofu. Anachokataa ni kusubiri matanga yake ndipo aigizwe. Anatuuliza yeye atafaidi nini, sisi tukicheka na yeye hasikii. Anataka kujiona akiwa hai, siku pombe ya ulezi mpya itakapoiva. Na wa kumwigiza ni Leonardi, yule wa kwenye televisheni.

Jana Jumapili nilijaribu. Nilivaa kitenge chake, nikaonja pombe, nikaitema nikilalamika kwamba imeharibika, halafu nikaimaliza yote, vile anavyofanya yeye miaka yote. Baba mdogo Felisian alicheka, Debora alicheka. Bibi alinitazama tu. Nilipomaliza akanipapasa kichwa kwa huruma. "Kwenye televisheni ulichekesha zaidi, baba," akasema.

Alois, nilikwenda nyuma ya kihenge cha ulezi nikalia. Miaka minane yote nimejiambia kwamba ulichonizidi ni lile koti na nauli ya basi tu. Hata kuandika sentensi hii kunaniuma.

Kwa hiyo njoo. Pombe itakuwa tayari Jumamosi, tarehe 7 Julai. Mwambie mwingine awe mfalme kwa wiki moja. Njoo na koti, usije na wapiga picha, na usinipe pole, sitaipokea.

Baba mdogo Felisian anakusalimu, anasema usisahau sweta. Debora anakusalimu sana, na mguu wake umepona. Mke wangu Minza anawasalimu Lydia na watoto. Mungu akushike mkono njiani, hasa ile barabara kutoka Tunduma, unaijua mwenyewe.

Ukifika usijitambulishe. Bibi hatakuona vizuri, na sauti zetu amezichanganya tangu tukiwa wadogo. Mimi nitakaa nje na baba mdogo mpaka umalize. Mwendo wangu umeutumia miaka yote hii bila kuniuliza, sasa nakupa na jina. Akikuita Leonardi, itika.

Ni mimi nikupendaye, pamoja na wivu wangu wote,

Leonardi