Albamu za Wale Watu Ambazo Hukuzisikia

Mpendwa ndugu yangu Mutwiri,

Kupigiana simu hakuna maana tena kati yetu, na ujumbe wa simu wewe huujibu kwa kidole gumba kilichosimama, basi. Ndiyo maana nakuandikia barua. Nimeiacha wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu hapa Meru watu bado wananiuliza unaendeleaje, nami huwajibu "ako sawa," maana ndilo jibu linalomaliza maneno haraka. Leo nataka kusema yale mengine.

Nianze na redio. Yule mhandisi Mwitaliano aliyekuja kutandaza mabomba ya maji alipomaliza kazi alimwachia Baba, aliyekuwa seremala wake, redio ya kaseti na kaseti zake kadhaa. Baba aliitaka redio kwa sababu ya habari na matangazo ya vifo. Kaseti akatupa sisi. Nyingi zilikuwa za akina mama wanaoimba kwa sauti nene kama wanagombana, tukazichoka. Moja ilikuwa na karatasi iliyoliwa na unyevu, zimebaki herufi chache tu za jina. Upande wa kwanza haukuwa na kitu. Upande wa pili ndio uliokuwa na Wale Watu.

Hilo jina uliwapa wewe. "Tuwekee Wale Watu," ulikuwa ukisema, nami kwa kuwa ni mkubwa ndiye niliyeruhusiwa kubonyeza. Betri zikiisha nguvu ulizianika juu ya bati la banda la kuku, ukawa unakwenda kuzigeuza kama mtu anayekausha mahindi. Wimbo ulikuwa mmoja tu, mrefu, ukijaza upande wote. Ulianza na filimbi peke yake, kikafuata kinanda, kisha ngoma zikaingia kwa mwendo ambao hatukuwahi kuusikia kanisani wala harusini. Mimi nilidhani mkanda umeharibika. Wewe ulisikiliza tena na tena, ukaja kunitafuta jikoni.

"Haijaharibika," ukaniambia. "Inachechemea makusudi."

Ukanionyesha kwa kutembea uani: hatua fupi, fupi, halafu moja ndefu, kama ng'ombe aliyechomwa na mwiba. Na kweli, ulivyotembea hivyo, ngoma zikakufuata. Sijawahi kuusikia ule wimbo tena bila kukuona ukichechemea pale uani na kaptura yako ya shule.

Kwenye kilele, mwimbaji alivuta neno moja mpaka pumzi ikamwishia. Ukashikilia kwamba anaimba *nkoro*.

"Mzungu atajulia wapi Kimeru?" nikakuuliza.

"Kwani yeye hana moyo?" ukajibu. Basi tukaimba *nkoro*, moyo, miaka yote, mimi chini na wewe juu, mpaka Mama akawa anaiimba pia akikamua ng'ombe, ijapokuwa alidai anachukia hayo makelele.

Siku redio ilipoumeza mkanda uliutoa kwa uma, polepole, ukauunganisha kwa plasta ya kidonda. Mkanda ukacheza mara moja, ukakatika mahali pengine. Baada ya hapo wimbo ulibaki midomoni mwetu tu. Wewe ukakua nao. Ukawa mpiga ngoma wa kwaya, na Jumapili moja ukautia ule mchechemeo katikati ya wimbo wa sadaka. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona kanisa zima likipotea, huyu anapiga makofi mapema, yule amechelewa, mzee mmoja ameacha kabisa anajitazama mikono. Mchungaji alikuita baada ya ibada.

"Kijana, unapiga vizuri," akasema, "lakini watu wangu wanashindwa kupiga makofi."

Tulicheka njia yote mpaka nyumbani.

Kisha ukapata ile homa ya uti wa mgongo. Umeshaoa, Wawira ana mimba ya Kinya. Sitaki kuirudia yote, lakini kuna kitu nadhani hukijui, kwa hivyo nakwambia. Ulipoamka hospitalini ulitutazama mmoja mmoja, ukauliza, "Mbona mnanong'ona?" Mutwiri, Mama alikuwa analia kwa sauti kubwa. Wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wamegeuka kumtazama. Sisi wengine tulinyamaza kwa sababu tulielewa wote kwa pamoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukuonyesha. Tukatazamana. Wawira ndiye aliyekukamata mkono.

Mlihamia Kanja, kwao Wawira, mkapewa kipande cha shamba la kahawa na makadamia. Watu walisema ni vizuri, shamba halihitaji masikio. Mimi nilijua jambo lingine. Ulikuwa umeshajifunza kutusoma midomo kwa Kimeru, kwa kuwa ni lugha uliyoinyonya, lakini Kiembu cha huko kilikuwa kinakupita. Ulikwenda kuishi mahali ambapo hata midomo ilikuwa kimya. Sikuwa na nyumba ya kukupa wala shamba, nikakusaidia kufunga magodoro.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Mwaka huu, shule zikiwa zimefungwa, nilikuwa peke yangu ofisini hapa Kaaga nikipanga faili za wanafunzi wapya. Unajua kazi ya sekretari wakati wa likizo. Nikachukua simu, nikaandika zile herufi chache nilizokuwa nazikumbuka kwenye karatasi ya kaseti. Nilikuwa nimejaribu hivyo miaka nenda miaka rudi, nisipate kitu. Safari hii ikatokea picha ya jalada lenye daraja jeupe. Nikabonyeza, na filimbi ikaanza.

Niliinuka nikafunga mlango. Walikuwa ni wao. Sauti ilikuwa safi, haina ule mvumo wa mkanda wetu, na kwa sababu haina mvumo nikasikia gita ambalo hatukuwahi kulisikia, linatembea chini ya kinanda tangu mwanzo. Utoto wetu wote lilikuwa pale, na sisi hatukujua.

Aliyeuweka wimbo huo mtandaoni alikuwa ameandika maelezo, nami nikaiambia simu inifasirie. Jina la bendi kwa lugha yetu ni kama Daraja la Chumvi. Ule wimbo wetu ulitoka kwenye albamu yao ya kwanza, ambayo haikununuliwa. Wakatoa ya pili, hiyo hata magazetini haikutajwa. Wakatoa ya tatu wakiwa wameshakata tamaa, wakaachana, mmoja akaenda kuendesha lori na mwingine akarudi kwenye duka la viatu la baba yake. Huyu mtu alizikuta albamu hizo ndani ya sanduku katika duka lililokuwa likifungwa, akazihurumia, akaziweka zote tatu mtandaoni. Waliokuwa wamezisikiliza walikuwa wachache mno, na hakuna aliyekuwa ameandika neno chini yake. Wale Watu walikuwa na nyimbo nyingine nyingi, Mutwiri. Sisi tulidhani ni ule mmoja.

Na kuhusu *nkoro*: neno lenyewe ni *ancora*, maana yake "tena," au "bado." Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, nikachukua simu, na nilikuwa nimeshabonyeza jina lako kabla sijakumbuka. Ikaita huko Kanja, mfukoni mwako. Ukaikata, ukaniandikia: "Kuna nini?"

Nikaandika, "Nakuja Jumamosi."

Nilikuja na spika niliyoiazima kwa jirani. Nilikukuta ukipogoa kahawa, ukaniona kabla sijafika, ukaniuliza ni nani amekufa. Nikakuambia kwa mdomo hakuna, nimewapata Wale Watu. Ulinifanya nirudie. Uso wako ulivyofunguka, nilijuta pale pale kuja, lakini tayari ulikuwa umeuweka mkasi chini na kunitangulia nyumbani.

Tuliweka spika mezani. Wawira akanisaidia kuondoa vikombe, Kinya akasogea karibu. Nikaanza na albamu ya pili. Uliweka viganja vyote viwili juu ya spika, ukafumba macho, na sisi tukakutazama wewe badala ya kusikiliza.

"Ni kama kushika tumbo la ng'ombe mwenye mimba," ukasema baadaye. "Najua kuna kitu ndani. Basi."

Halafu ukafumbua macho. "Niambie inaendaje."

Nikakwambia kuna filimbi.

"Filimbi inafanya nini?"

Nikakwambia inapanda, halafu kinanda kinaingia, halafu sauti za watu wawili. Ulinitazama mdomo kwa makini kama mtoto anayesubiri pipi, hata ukainama mbele. Nilipomaliza ukatikisa kichwa.

"Hivyo ni vyombo, Kagendo. Mimi nakuuliza wimbo."

Nilifungua mdomo. Nilijaribu Kimeru, nikajaribu Kiswahili, nikachukua simu niandike. Niliandika "ni ya huzuni" nikafuta. Niliandika "ni kama asubuhi" nikafuta. Muda huo wote wimbo ulikuwa unaendelea kucheza pale mezani, mzuri, na mimi nausikia na wewe huusikii, umbali kati yetu ni kiti na kiti. Mwisho nikaizima spika. Uliona nimeizima kwa sababu mtetemo ulikwisha mikononi mwako.

Ukaanza wewe kuimba ule wa zamani, labda kwa kunionea huruma. Ulianza vizuri. Mkono wako ukapiga meza kwa ule mwendo wa kuchechemea, sawasawa kabisa, hukukosea hata kidogo. Lakini sauti ilikuwa imeshaondoka kwenye wimbo, ikawa inazunguka zunguka kama kuku anayetafuta mlango gizani. Kinya akamtazama mama yake. Ulimwona.

"Imeharibika?" ukaniuliza.

Ningeweza kutikisa kichwa. Nilikuambia kweli, kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza. Nikakwambia mwendo uko sawa, ila pale kwenye *nkoro* umeshuka.

"Nionyeshe."

Nikainua mkono juu, ukaufuata kwa sauti, ukaenda kando. Nikashusha, nikainua tena polepole. Ukajaribu tena. Ukaweka vidole vyako kooni mwangu, nikakuimbia, ukashika koo lako ukajaribu, na sauti ikaenda inakotaka. Jasho lilikutoka. Sijui tulijaribu mara ngapi. Wawira alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya githeri, asiingie, asirudi.

"Na hapa kichwani iko sawa kabisa," ukasema. "Naisikia."

"Basi iache hapo kichwani," nikakujibu.

Ukauliza, kwa ile sauti yako ya siku hizi ambayo hujui ni kubwa kiasi gani, "Na ikiharibika humo kichwani, nani ataniambia?"

Wawira akaweka githeri mezani, tukala. Ukaniuliza habari za Mama na bei ya viazi soko la Gakoromone, nikakueleza. Ulinisindikiza mpaka barabarani na mkungu wa ndizi begani.

Tangu siku hiyo nimetafuta jibu la lile swali lako. Nimefikiria nikiwa ofisini, nimefikiria nikiosha vyombo. Niliuliza daktari wa masikio kuhusu kile kifaa cha kusikilizia wanachoweka ndani ya fuvu, akaniambia sikio lako la ndani limeshazibwa na mfupa, si rahisi. Niliuliza mwalimu wa muziki wa shule yetu kama mtu anaweza kufundishwa wimbo kwa macho. Akafikiri kwa adabu, akaniambia atanijulisha, na mpaka leo tukikutana koridoni tunasalimiana haraka. Mama amesema tuombe. Tumeomba.

Wiki iliyopita uliniandikia: "Ile ya tatu umesikiliza?" Sikuwa nimeisikiliza. Nilikuwa nimeitunza tuisikilize pamoja, na baada ya Jumamosi ile ningewezaje? Ukaongeza: "Sikiliza. Usizinyime nyimbo za watu masikio kwa sababu yangu."

Kwa hivyo nimesikiliza. Nilikaa kitandani mchana kweupe, nikaiacha icheze yote. Mutwiri, walikuwa wamekuwa wakubwa. Wameacha zile mbwembwe, ngoma bado zinachechemea lakini kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuuzoea mguu wake. Kuna mahali ungeinuka. Najua kabisa ungeinuka, ungenishika bega na kusema "rudisha hapo." Nilingoja niambiwe nirudishe. Kisha ikaisha, nikasikia mtu akipiga misumari nyumba ya jirani.

Ni nzuri sana. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo. Nimeandika kurasa zote hizi na bado nimekupa vyombo tu, sikukupa wimbo.

Msalimie Wawira, na mwambie Kinya shangazi yake anampenda. Jumamosi ijayo nitakuja tena, mikono mitupu, tuchume kahawa. Sina la kukusaidia, nakuja tu. Tukimaliza, niwekee kiti pale nje penye mwanga, tukae tukitazamana, niongee polepole.

Dada yako,
Kagendo